Lori la Zamani na Kiinua Mgongo



Nimepata barua kutoka Tabora. Aliyeiandika ni mwalimu mstaafu, naye ameomba nisimtaje jina. Anasema amelipwa kiinua mgongo chake baada ya kusubiri kwa muda mrefu, na sasa amepata mtu anayemwuzia lori la tani saba. Lori hilo lina umri wa miaka 26. Bei yake haifiki robo ya bei ya lori la namna hiyo hiyo lenye umri wa miaka kumi. Mwalimu anataka kubeba mpunga kutoka Igunga na Nzega. Watoto wake wawili bado wanasoma. Mwisho wa barua ameuliza: "Je, ndugu mtangazaji, ninunue au niache?"

Nimeisoma barua hiyo mara tatu, na kila mara nilimkumbuka shemeji yangu. Habari za shemeji nitazieleza baadaye kidogo. Kwanza niseme kwamba mimi si fundi. Ni mtu ninayeendesha gari dogo lililotengenezwa mwaka 1993, na ninalo daftari. Tangu siku ya kwanza nilipolinunua nimeandika humo kila senti iliyokwenda kwenye gari hilo: petroli, oili, plagi, bushi, hata soda ya fundi. Mke wangu hulicheka sana daftari hilo. Lakini ndilo lililonifundisha haya nitakayoyasema leo.

Wapo watu, tena wengi, wanaoamini kwamba chuma cha zamani hakifi. Watakutajia Land Rover za miaka ya sitini zilizopanda milima bila barabara. Watakutajia Peugeot 504, iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na ambayo kwa miaka mingi ilibeba abiria wa teksi baina ya miji ya Kenya ikiwa imejaza hadi mlangoni. Watu hao hawasemi uongo. Magari yale yalikuwa na bati nene na mitambo michache. Fundi mwenye spana, bisibisi na nyundo aliweza kufungua kabureta chini ya mwembe, akaipuliza kwa mdomo, akairudisha, na safari ikaendelea. Gari la leo likizimika, fundi hana budi kuja na kimashine cha kusoma kompyuta yake, na mara nyingine kimashine hicho chenyewe kinamdanganya.

Hata hivyo hoja hiyo ina tundu. Magari ya zamani tunayoyaona barabarani ni yale yaliyobaki. Yale mengine, yaliyokuwa mengi zaidi, yamekwisha kuwa masufuria na nondo. Ukimwona mzee wa miaka tisini anavuta sigara, usidhani sigara ndiyo iliyomfikisha hapo. Aidha, gari si chuma kitupu. Gari ni mpira, plastiki, nyaya, sili na vimiminika, na vitu hivyo havizeeki kwa kilomita peke yake. Huzeeka kwa miaka. Gari linaweza kulala bandani miaka kumi bila kwenda popote, na siku utakayoliamsha mipira ya breki itakuwa imepasuka, sili za injini zimekauka na zinavuja oili, na nyaya zimekatika ngozi kama mua mkavu. Hata oili ya breki huvuta unyevu wa hewa taratibu, na ikishakuwa na maji huchemka mapema breki zinapopata moto. Sisi tunaokaa pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Nimeona magari Tanga na Dar es Salaam ambayo juu yamepigwa rangi inayong'aa, na chini fremu inachomoka kwa kidole kama mkate uliolowa.

Sasa nije kwenye hesabu. Gari la zamani lina bei mbili. Bei ya kwanza unamlipa mwuzaji, siku moja, nayo ndiyo tunayoisikia. Bei ya pili unailipa kidogo kidogo kwa mafundi na wauza spea kwa muda wote utakaolimiliki. Kwa gari jipya mambo ni kinyume. Pesa nyingi hupotea kwa thamani kushuka, yaani unalinunua leo kwa mia na baada ya miaka michache hakuna atakayekupa hata sitini, japo hujamlipa fundi chochote cha maana. Gari la zamani limekwisha kushuka. Halina pa kuanguka tena. Kwa hiyo mtu anayetumia gari kwenda kazini na kurudi, na kanisani au msikitini, na siku moja moja harusini Kibaha, mtu huyo gari la zamani lililotunzwa linaweza kumfaa kabisa. Daftari langu linasema hivyo. Nikijumlisha yote niliyotumia kutengeneza, bado sijafikia bei ambayo ningelipia gari jipya.

Lakini mimi gari langu likilala gereji siku nne, napanda daladala. Naudhika, nachelewa, nakunjwa shati, basi. Lori la biashara likilala siku nne, hiyo ni habari nyingine. Hapo ndipo ninapotaka mwalimu wa Tabora anisikilize vizuri, na ikiwezekana achukue kalamu.

Nitatumia mia, ili kila mtu aongeze sifuri zake mwenyewe kwa bei za kwake. Tuseme lori kila siku linapofanya kazi huingiza 100. Katika hizo, dizeli inakula 45. Matairi na oili tuweke 13. Zinabaki 42. Sasa yapo matumizi ambayo hayaulizi kama lori limetembea au limelala: mshahara wa dereva na utingo, bima, leseni, mahali pa kulaza gari. Tuseme hayo kwa mwezi ni 520. Lori linalofanya kazi siku 25 kwa mwezi litabakiza 42 mara 25, yaani 1,050. Toa 520, mwenye lori anapata 530. Hayo ni maisha.

Lori hilo hilo likilala gereji siku tisa, likafanya kazi siku 16, hesabu inakuwa 672. Toa 520, zinabaki 152. Na hapo bado hujamlipa fundi! Likifanya kazi siku 12 tu, unapata 504, na deni la mwezi ni 520. Umefanya kazi mwezi mzima ili upate hasara, kabla hujanunua hata boliti moja. Angalia kwamba katika hesabu hii sikutaja bei ya spea. Watu wengi wanaponiuliza juu ya magari ya zamani huuliza spea zake ni bei gani. Swali la kwanza kwa gari la kazi ni: litalala siku ngapi?

Tena kuna siku za kulala ambazo hazimo katika mwezi wako, nazo ni za mteja. Mwenye mpunga akikusubiri mara mbili hukuti, mara ya tatu anampigia simu mwingine. Huyo hutampata tena hata lori likipona.

Sasa shemeji. Mwaka 1995 alipunguzwa kazi katika kiwanda kimoja, yeye na wenzake wengi, kama wasomaji wa umri wangu wanavyokumbuka miaka ile. Akapewa fedha zake. Wenzake wengine walifungua maduka, wengine walijenga. Yeye mwaka uliofuata akanunua lori la zamani. Nilikwenda naye kulitazama. Lilikuwa limepigwa rangi ya buluu, na mbele limeandikwa maneno ya kumshukuru Mungu. Niliuliza umri wake. Shemeji akanijibu, "Wewe mtu wa kalamu, chuma hiki kilikuwepo kabla yako na kitakuzika." Mwuzaji alicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Miezi minne ya kwanza lori lilifanya kazi nzuri. Shemeji alituletea viazi gunia zima nyumbani. Mwezi wa tano lilianza kuchemsha. Fundi alitoa themostati akaitupa, akasema magari ya nchi za joto hayaihitaji. Maneno hayo utayasikia mpaka leo katika gereji bubu nyingi, nayo si kweli. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake wa kazi, kiasi cha nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini hukawia kupata moto huo, mafuta hayaungui vizuri, oili inaoshwa kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Gari linakunywa zaidi na kufa mapema. Chanzo cha kuchemsha kilikuwa rejeta iliyoziba, kwa sababu mwenye lori wa zamani aliijaza maji ya kisima cha chumvi miaka nenda miaka rudi. Fundi aliondoa kipimo, ugonjwa akauacha.

Baada ya hapo ikafuata gasketi ya silinda hedi. Halafu nozeli. Halafu giaboksi ikawa na tabia ya kuchomoka: dereva anaweka gia ya tatu, akikanyaga na kuachia mafuta gia inaruka yenyewe na kurudi katikati. Shemeji aliuliza bei ya kufumua giaboksi. Ilikuwa kubwa. Dereva akamwambia, "Mzee usihofu, mimi nimeizoea." Alifunga kipande cha mpira wa ndani ya tairi kwenye mti wa gia, na ncha ya pili akaifunga chini ya kiti. Gia ikatulia. Wote walifurahi, na giaboksi ikaachwa.

Lainingi za breki nazo zilikuwa zimebaki nyembamba. Shemeji alilijua hilo. Lakini mwezi huo matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamekwisha kabisa, na fedha ilitosha jambo moja. Akanunua matairi, lainingi akazipangia mwezi ujao.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 lori likiwa na viazi vya Njombe lilianza kuteremka Kitonga. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba dereva huteremka kwa gia nzito, injini ikilishikilia gari, na breki zinatumika kidogo kidogo tu. Katikati ya mteremko ule mpira ulikatika. Gia ikachomoka. Lori likabaki mikononi mwa breki peke yake, na breki zilikuwa na lainingi nyembamba, mzigo mzima nyuma yake, na mteremko mbele. Zikapata moto zikaacha kushika. Dereva, namshukuru mpaka leo, aliliegemeza lori kwenye ukuta wa mlima badala ya upande wa bonde. Yeye alipona. Utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, alivunjika mguu na nyonga, na hakutembea sawasawa tena.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokaa na shemeji na kulifikiri. Gia inayochomoka peke yake haikuwa ajali. Ilikuwa usumbufu, na dereva aliuzoea. Lainingi nyembamba peke yake haikuwa ajali, maana injini ilikuwa ikishikilia gari. Kila ubovu ulikuwa unavumilika kwa sababu kitu kingine kilikuwa kizima. Gari jipya likiwa na ubovu mmoja, mengine yote yanalibeba. Gari la zamani huwa na ubovu mdogo mdogo kumi, kila mmoja umezoeleka, na hakuna anayejua ni upi unauegemea upi. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema "gari langu lina matatizo madogo madogo tu," mimi humwuliza ayataje, moja moja, kwa vidole.

Kichwa cha lori lile kiko mpaka leo nyuma ya nyumba ya shemeji, Mbagala. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Mimi mwenyewe sikuwa na akili zaidi yake. Nilipolinunua gari langu, aliyeniuzia aliniambia mkanda wa timingi umebadilishwa juzi tu. Nikaamini. Mkanda huo ni wa mpira wenye meno. Kazi yake ni kuunganisha krenki, ambayo inazungushwa na pistoni, na kamshafti, ambayo inafungua na kufunga valvu, ili vyote vicheze ngoma moja. Katika injini nyingi huagizwa ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi, au mapema zaidi kama miaka imepita mingi. Ukikatika, injini nyingine huzimika tu bila madhara. Nyingine, pistoni hupanda na kukuta valvu bado ziko wazi chini, zikagongana. Yangu ilikuwa ya aina hiyo ya pili, nami nilikuja kulijua hilo saa tatu ya usiku karibu na Chalinze. Katika daftari langu gharama ya kichwa cha injini, valvu, gasketi, fundi na kukokotwa mpaka mjini inazidi mara kumi na mbili bei ya mkanda mpya. Fundi wangu, mzee mmoja wa Gerezani, alinitazama akasema, "Bwana mwandishi, ulitaka kuokoa nini?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: nikinunua gari la mtu, nahesabu kwamba hakuna kilichobadilishwa. Mkanda, oili zote, maji ya rejeta, plagi, chujio, mipira ya maji na oili ya breki, vyote nabadilisha katika juma la kwanza, na gharama hiyo naihesabu kuwa sehemu ya bei ya kununulia. Mwenye gari akisema amebadilisha na hana risiti, namshukuru kwa habari hiyo na ninaendelea kuhesabu.

Juu ya spea, niseme kwa kifupi. Usinunue gari ambalo majirani hawana. Ukipita Ilala, Gerezani au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi utaona spea za gari gani zimetundikwa kila mlango, na hilo ndilo gari la nchi hii. Gari la fahari lisilo na wenzake litalala juma zima likisubiri beringi moja iagizwe. Tena beringi ya bandia inafanana sana na ya kweli, mpaka boksi lake. Mwuza spea mkweli atakwambia mwenyewe: hii ya bei hii, na hii ya bei ile. Asiyekupa chaguo mwogope kidogo.

Na injini za mtumba zitokazo Japani? Mara nyingi ni nafuu kuliko kufumua injini yako, kuchonga bloku na kununua pistoni, ringi na beringi mpya. Magari ya Japani hutoka barabarani mapema kwa sababu za kodi na ukaguzi. Gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Tena gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupandishwa. Kwa hiyo mwenye gari huliuza likiwa bado na nguvu. Hilo ni kweli, na ndilo linalotuletea magari mengi tunayoyaendesha. Lakini kumbuka kwamba injini ya mtumba inakuja bila shahidi. Hujui ilichemka mara ngapi. Magari mengine nayo hutoka kaskazini mwa Japani kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, nayo huja yakiwa na kutu chini kama yale yetu ya Tanga.

Serikali za jirani zimeamua kuweka mipaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka miaka 15. Sisi Tanzania tunatoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa badala ya kuyazuia. Lakini sheria hizo zinahusu magari yanayoingia bandarini. Lori la Tabora limekwisha kuingia zamani, na hakuna atakayelizuia isipokuwa trafiki na mteremko.

Basi, mwalimu, nikujibu. Kama fedha uliyo nayo inatosha kununua lori hilo na kumaliza, usilinunue. Nasema hivyo bila kulitazama. Lori la miaka 26 ni la mtu ambaye baada ya kulilipia bado ana fedha nyingine benki ya kulitengeneza, japo nusu ya bei yake, ambayo haigusi kwa ada wala kwa msiba. Shemeji alikuwa na bei ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyomshinda, na ndiyo maana lainingi zilisubiri.

Kama akiba hiyo unayo, au mnaweza kuungana wawili, nenda ukalitazame, na nenda alfajiri. Usimwambie mwenyewe saa utakayofika. Weka kiganja juu ya boneti. Kama kuna joto, amekwisha kuliwasha kabla yako, na una haki ya kuuliza kwa nini. Injini iliyochoka huficha aibu yake ikiwa na moto, ila asubuhi ya baridi inaumbuka. Liwashwe ukiwa nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi au sili za valvu. Moshi mzito mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto huenda ni maji yanaingia ndani. Kwa dizeli ikingali baridi, moshi mweupe wa muda mfupi usikutishe. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio limeziba, au nozeli na pampu zimechoka. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa ya chai, maji na oili vimekutana, na silinda hedi ina maneno ya kukwambia.

Kisha panda, uliendeshe likiwa na mzigo. Lori tupu halina ugonjwa. Tafuta kilima, weka gia ya tatu, kanyaga, achia. Uangalie kama mti wa gia unaruka. Uangalie pia kama kuna kipande cha mpira kimefungwa mahali. Simamisha gari lenye breki za upepo, zima injini, tazama mshale wa upepo kwa dakika chache. Ukishuka mbio, mpira au valvu inavuja. Pita chini ya gari na nyundo ndogo, gonga fremu kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Penye kutu na viraka sauti inakuwa ya debe. Tazama palipochomelewa, hasa nyuma ya kichwa na penye mabano ya springi, maana ndipo fremu iliyobebeshwa kupita kiasi hupasukia.

Fundi uende na wa kwako, umlipe wewe, na umlipe hata akikwambia usinunue. Fundi anayelipwa na mwuzaji naye ana watoto wa kulisha.

Na dereva wa sasa wa lori hilo, mtafute pembeni, mnunulie chai. Usimwulize kama gari ni zima. Mwulize amezoea nini.

Matairi nimeyaacha kwa makusudi, maana yana mengi, hasa yale ya mtumba na namba zake nne za juma na mwaka wa kutengenezwa ambazo watu hawazisomi. Panapo majaaliwa nitayazungumza Jumapili ijayo, pamoja na barua ya dada wa Morogoro anayelalamika kwamba bajaji yake mpya inakula oili.